Nusu Meza Jijini Tokyo: Mafunzo Niliyopata Comiket

Kila Agosti na kila mwisho wa Desemba, mashabiki wa manga, anime na michezo ya kompyuta hujaa Tokyo Big Sight, ukumbi mkubwa wa maonyesho ulio kando ya Ghuba ya Tokyo, kuuziana vitabu walivyovichora na kuvichapisha wenyewe. Jina kamili la mkusanyiko huo ni Comic Market, ila mdomoni kila mtu husema Comiket. Vijitabu vyenyewe huitwa dojinshi. Vingine ni hadithi mpya kabisa, vingi huendeleza visa vya wahusika ambao mashabiki wamewapenda kwenye anime, na vingine ni uchambuzi wa reli, vyakula, majengo au chochote ambacho mtu hawezi kuacha kukifikiria.

Nilianza kuhudhuria nikiwa msomaji tu wakati wa masomo yangu Japani. Baadaye nikaketi upande wa pili wa meza na kijitabu changu cha katuni kuhusu safari za daladala Dar es Salaam. Nayaandika haya kwa wachoraji wa kwetu wanaofikiria kupeleka kazi zao kwenye tamasha la mashabiki, liwe la huko au la hapa.

1. Kule hakuna mteja

Comiket ya kwanza ilifanyika tarehe 21 Desemba 1975, ikiwa na vikundi 32 na watu wapatao 700. Ilizaliwa na ugomvi: tamasha jingine la manga lilikuwa limemfungia mlango mshiriki aliyelikosoa, na kundi la mashabiki, akiwamo mhakiki Yoshihiro Yonezawa, likaamua kuanzisha mahali pasipo na mlinda mlango wa mawazo. Tangu siku hizo kanuni ni moja. Anayeuza, anayenunua na anayesimamia foleni wote huitwa washiriki. Hakuna aliyekuja kuhudumiwa.

Ukiisoma kwenye karatasi, kanuni hiyo inaonekana kama maneno ya adabu tu. Ukiwa mezani ndipo unaona inavyofanya kazi. Wasimamizi, ambao ni maelfu, wanajitolea bila mshahara. Saa ya kufungua ikitangazwa ukumbi mzima hupiga makofi, na ya kufunga vivyo hivyo. Wakishafunga, walio na nguvu bado hubaki kukunja viti na kubeba meza. Msomaji naye anaweza kukifungua kijitabu chako, akakisoma ukurasa kwa ukurasa, akakirudisha kwa mikono miwili, akashukuru na kwenda zake. Kariakoo angefuatwa na maneno hadi mtaa wa tatu. Kule unamshukuru na wewe, kwa sababu amekusoma.

2. Hudhuria kwanza, uza baadaye

Siku za kuhudhuria tu zilinifundisha mambo ambayo hakuna mwongozo uliyaeleza. Meza hupangwa kwa mada, zikiunda visiwa virefu ndani ya kumbi. Vikundi maarufu huwekwa kandokando ya kuta, karibu na milango mikubwa, ili foleni zao zitoke nje bila kuziba njia. Mgeni hukimbilia ukutani (ingawa kukimbia kumekatazwa), na nusu ya siku yake inaishia kwenye foleni moja. Mimi nilijifunza kuanzia visiwani, ambako mchoraji ana muda wa kuzungumza, na ndiko kazi za ajabu zilikojificha.

Foleni zenyewe ni somo. Aliye mwisho hushika kibao kinachosema kwamba mwisho ni hapo. Mwingine akija, anakipokea kibao na kusimama nyuma yake. Hakuna polisi, hakuna kamba, na watu mamia husogea bila kugombana. Kulala nje ya ukumbi usiku kucha ili uwe wa kwanza kumekatazwa kabisa, hivyo wenye haraka hupanda treni ya kwanza ya alfajiri.

Wanaovaa kama wahusika wa anime nao wana utaratibu wao. Haruhusiwi mtu kuja kutoka nyumbani akiwa amevaa hivyo, wala kuondoka hivyo. Anajiandikisha, anabadilisha nguo kwenye vyumba maalumu, na anayetaka kumpiga picha humwomba kwanza.

Na jiandae na joto. Agosti ya Tokyo ina jasho la Dar es Salaam ya Februari, tena ndani ya ukumbi uliojaa. Mwaka 2013 watu walipiga picha ukungu uliotanda chini ya paa la ukumbi, na mashabiki wakauita wingu la Comiket. Maji, chumvi na taulo ni sehemu ya mzigo, kama ilivyo pochi.

3. Nafasi huombwa mapema, na kura ndiyo inayoamua

Meza hainunuliwi wiki moja kabla. Maombi hufungwa miezi mingi mapema, waombaji huwa wengi kuliko nafasi, na washindi hupatikana kwa kura. Hata ukiwa peke yako unaandikishwa kama kikundi. Unachagua mada moja, na mada ndiyo inayoamua siku yako na majirani zako.

Hapo nilifikiri sana. Katuni zangu zingeweza kwenda upande wa manga za kubuni, zikazama katikati ya wachoraji hodari wa mapenzi na mazimwi. Niliziombea nafasi upande wa uchambuzi na taarifa, kwa wapenzi wa mabasi, treni na safari. Mtu aliyekuja kutafuta kitabu cha mabasi ya Hokkaido hahitaji kushawishiwa ili asimame mbele ya daladala. Mchoraji asiyejulikana apeleke kazi yake waliko wenye udadisi wa jambo analolichora. Walio wengi si lazima wawe ndio wasomaji wake.

Katika fomu kuna kisanduku kidogo cha mchoro mweusi na mweupe, ambacho ndicho huchapwa kwenye katalogi. Usikichukulie kama urembo. Watu hupanga ratiba zao za siku kwa kuvipitia visanduku hivyo kwa kalamu mkononi. Mimi nilichora konda akining'inia mlangoni, basi.

4. Tarehe ya mchapaji haibembelezwi

Japani kuna wachapaji ambao kazi yao kubwa ni dojinshi. Wanajua ukubwa unaotakiwa, wanajua tarehe za Comiket, na boksi la vitabu hulipeleka moja kwa moja hadi chini ya meza yako asubuhi ya siku yenyewe. Anayewasilisha mapema hupunguziwa bei, anayechelewa huongezewa. Tarehe ya mwisho ikipita, unakaa na meza isiyo na kitabu.

Kwa hiyo ratiba yangu ilianzia mwisho kurudi nyuma: tarehe ya mchapaji kwanza, kisha siku za kusahihisha, kisha za wino, kisha za mchoro wa penseli. Kurasa zigawanyike kwa nne, kwa kuwa karatasi hukunjwa katikati. Michoro inayofika ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, isije ikabaki na utepe mweupe. Nilichapa nakala 50 tu. Nakala iliyobaki hulipiwa mara ya pili, unapoibeba kurudi nyumbani.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba si lazima uwe na mchapaji. Wapo wanaotoa kopi dukani usiku wa kuamkia tamasha, wakakunja na kubana kwa pini kwa mkono, na vijitabu hivyo huuzwa kwenye meza zilezile bila aibu yoyote.

5. Sentimita 90 kwa 45 zinatosha

Kikundi kimoja hupewa nusu ya meza ndefu, yaani upana wa sentimita 90 na kina cha 45. Kila kitu kitoshee hapo: vitabu, nakala ya kuonjesha, bei, sanduku la fedha. Nilitandika kanga, na ikawa ndiyo bango langu, kwa sababu watu walisimama kuuliza maandishi ya chini yanasema nini kabla hawajaona kitabu. Nakala moja niliisimamisha wima ili anayepita aione bila kuinama. Bei niliiandika kwa tarakimu kubwa inayosomeka kutoka katikati ya njia.

Rafiki yangu wa Morogoro aliyekuja kunisaidia alikuwa na ushauri mwingine. "Dada, ongeza stika, ongeza vibeji, meza ionekane imejaa." Nilimkatalia. Kwenye eneo dogo namna ile, jicho la mpita njia linapata nafasi ya kitu kimoja, na mimi nilitaka kiwe kitabu.

6. Panga bei kwa sarafu, si kwa hesabu za gharama

Bei nyingi Comiket ni yen 500 au 1,000. Sababu ni chenji. Msomaji mwenye orodha ya meza arobaini hataki kusubiri uhesabu sarafu, na aliye nyuma yake hataki zaidi. Nilipanga yen 500, sarafu moja, nikatafuta chenji siku kadhaa kabla kwa kuwa benki za Japani hutoza ada ukiomba sarafu nyingi. Wasomaji wenyewe huja na vijimfuko vya sarafu walivyovikusanya kwa wiki nyingi. Hiyo nayo ni kazi ya mshiriki.

7. Jirani wa meza ni nusu ya tamasha

Asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, unasalimia kushoto na kulia na kutoa zawadi ndogo, biskuti au kijitabu chako. Jirani yangu alikuwa mzee aliyeandika historia ya vituo vya mabasi vilivyofungwa vijijini. Tulibadilishana vitabu. Mchana aliniangalizia meza nilipokwenda kula, na akauza nakala zangu kwa maelezo mazuri kuliko yangu. Aliponiuliza kama kwetu kuna katuni, nilimweleza kuhusu jarida la Sani na vituko vya Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Akachukua kalamu, akaandika majina yote mawili.

8. Fahamu mpaka wa sheria kabla ya kuchora

Dojinshi nyingi hutumia wahusika ambao si mali ya mchoraji. Wenye haki mara nyingi hunyamaza, kwani mashabiki ndio wasomaji wao na wachoraji wa kesho hutoka humo humo. Lakini kunyamaza si ruhusa. Mwaka 1999 mchoraji wa dojinshi ya Pokémon alikamatwa baada ya Nintendo kulalamika. Sheria ya hakimiliki ya Japani ilipobadilishwa mwishoni mwa 2018, makosa fulani yakaanza kushtakiwa bila malalamiko ya mwenye mali, ila masharti yaliandikwa kwa namna ya kuziacha nje kazi za mashabiki za aina hii. Asubuhi ya tamasha nakala moja ya kila kitabu kipya hukabidhiwa wasimamizi waikague kabla kitabu hakijauzwa.

Anayechapa stika za Naruto Nairobi au Dar es Salaam asidhani kwamba uvumilivu wa Tokyo unamfuata huku. Ukichora wako mwenyewe, hudaiwi na mtu.

9. Usipime siku kwa fedha

Ada ya maombi, uchapaji, nauli na chakula zilizidi mauzo yangu, na ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya vikundi. Anayekwenda kutafuta utajiri atarudi na hasira. Hata hivyo, njia ya mbali ipo. Wachoraji wa CLAMP walianza kama kikundi cha dojinshi. Type-Moon waliuza mchezo wao wa Tsukihime Comiket ya Desemba 2000, na leo jina lao linajulikana dunia nzima. Kabla ya korona, Desemba 2019, tamasha lilipokea watu wapatao 750,000 kwa siku nne. Ukubwa huo wote umejengwa na watu ambao wengi wao hawapati faida, na wanarudi tena.

Nairobi tayari ina tamasha la katuni la NAICCON, na vijana wa Dar es Salaam wanachora kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Ombi langu kwa wanaoandaa matamasha ya mashabiki Afrika Mashariki ni moja: tengeni kona ya nusu meza kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu, na iwe ya kazi za kuchapa peke yake. Na wewe mchoraji usisubiri mchapaji wala mfadhili. Kurasa nane, karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati, kopi ishirini za steshenari, pini mbili kwenye mkunjo. Kwa kijitabu cha namna hiyo, hata Comiket ungeweza kuomba meza. Kianze.