Pombe na Mwili wa Kijana

Umekwisha kujifunza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni. Katika somo hili utajifunza jinsi pombe inavyosafiri mwilini, na kwa nini humdhuru kijana zaidi kuliko mtu mzima.

Pombe ni nini?

Katika nchi yetu ziko pombe za aina nyingi. Watu wa Kilimanjaro hutengeneza mbege kwa ndizi na ulezi. Watu wa Iringa hugema ulanzi kutoka katika mianzi, na watu wa pwani hugema tembo la mnazi. Pombe hizi zote hupatikana kwa njia moja. Hamira, yaani viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho, hula sukari na kutoa kileo kiitwacho alkoholi. Kileo hicho ndicho kinachomlevya mnywaji, iwe pombe ya kibuyu au ya chupa.

Pombe husafirije mwilini?

Chakula husagwa kwanza ndipo kiingie katika damu. Alkoholi haihitaji kusagwa. Hupenya kuta za tumbo na za utumbo mwembamba, ikaingia katika damu. Baada ya dakika chache huwa imefika kwenye ubongo. Hapo ulimi huwa mzito, miguu hupepesuka, na mtu hushindwa kupima hatari iliyo mbele yake, kama vile gari liendalo kasi au mto uliojaa.

Ini ndilo linaloondoa sehemu kubwa ya alkoholi katika damu, nalo hufanya kazi hiyo polepole. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye alkoholi asilimia 5, ina mililita 25 za alkoholi. Ini la mtu mzima huhitaji saa 2 au zaidi kuimaliza. Kahawa au maji baridi hayawezi kuliharakisha.

Jaribio

Vifaa: chupa ya nusu lita, chupa ya lita moja, maji safi na wino.

1. Jaza maji katika chupa zote mbili, ukiacha nafasi kidogo juu.
2. Tia matone 10 ya wino katika kila chupa, kisha uzitikise.
3. Tazama rangi ya maji. Ni chupa ipi yenye rangi iliyokoza zaidi?

Wino ulikuwa sawa, lakini maji hayakuwa sawa. Mwili wako ni kama ile chupa ndogo. Mtoto wa kilo 35 akinywa kiasi kilekile anachokunywa mtu wa kilo 70, damu yake hupata alkoholi iliyokoza zaidi.

Ubongo wa kijana

Ubongo huendelea kukomaa mpaka mtu afikapo umri wa miaka 25 hivi. Sehemu inayomwezesha mtu kufikiri kabla ya kutenda ndiyo inayokomaa mwisho. Pombe huvuruga ukuaji huo, ikadhoofisha kumbukumbu na masomo. Tena, aanzaye kunywa akiwa mdogo ni rahisi zaidi kuwa mtumwa wa pombe ukubwani.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko, iliyoitwa viroba, ambayo ilikuwa rahisi kununuliwa na kufichwa mfukoni.

Pombe yenye sumu

Pombe kali isiyopimwa huweza kuwa na sumu iitwayo methanoli. Huwezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi. Mwilini sumu hiyo hugeuka kuwa asidi iharibuyo mishipa ya fahamu ya macho. Mwaka 2000, mjini Nairobi, Kenya, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka.

Kumsaidia aliyelewa sana

Ukimkuta mtu amelewa hata haamki, usimcheke wala usimwache peke yake. Akilala chali, matapishi huweza kuziba njia ya hewa naye akafa. Mlaze kwa ubavu. Usimpe kitu chochote mdomoni. Ita mtu mzima upesi ili apelekwe hospitali.

Kumbuka: siku moja rafiki huenda akakupa kikombe akisema, "Onja kidogo tu." Kukataa si woga. Aliyekataa huondoka na akili yake timamu.

Maswali

1. Taja pombe moja itengenezwayo mahali unapoishi. Sukari yake hutoka katika nini?
2. Ni kiungo gani kinachoondoa alkoholi katika damu?
3. Chupa ya bia ya mililita 300 ina alkoholi asilimia 5. Je, ina mililita ngapi za alkoholi?
4. Jaribio la wino limekufundisha nini kuhusu mwili wako?
5. Kwa nini aliyelewa sana hulazwa kwa ubavu?