Kuhama na Vijana Balehe: Somo kwa Mzazi Anayelea Peke Yake na kwa Mtoa Huduma za Afya

Utangulizi

Familia inapohama, vyombo hufungwa, mizigo hupakiwa na nauli hulipwa. Mambo hayo huonekana, na kwa kuwa huonekana, hukumbukwa. Yanayosahauliwa ni yale yasiyoonekana: tarehe ya kliniki, dawa inayokaribia kwisha, rafiki aliyeachwa shuleni, na habari za ugonjwa zilizokuwa zikijulikana na mtu mmoja tu ndani ya nyumba. Palipo na wazazi wawili, kinachosahauliwa na mmoja huenda kikakumbukwa na mwenziwe. Mzazi anayelea peke yake hana wa kumkumbusha, na mara nyingi kazi ya kukumbuka humwangukia mtoto mkubwa.

Somo hili linaeleza jinsi kuhama kunavyoathiri afya ya vijana balehe, yaani wenye umri wa miaka 10 hadi 19 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Hoja yake kuu ni moja: matunzo ya kijana yakabidhiwe kabla mizigo haijapakiwa, na kijana mwenyewe ashirikishwe katika kukabidhi huko bila kuachiwa mzigo wote.

Mfano wa kujifunzia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mafunzo.

Mama mmoja, mtumishi wa umma aliyefiwa na mumewe mwaka mmoja kabla, alihamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma mwezi wa Juni. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia Dodoma, watumishi wengi wamefanya safari kama hiyo pamoja na familia zao. Mama huyo alikuwa na binti wa miaka 15, mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye ugonjwa wa selimundu, na mvulana wa miaka 13 aliyekuwa kidato cha kwanza.

Enzi za uhai wake, baba ndiye aliyempeleka binti kliniki. Ndiye aliyejua siku za kupima damu, ndiye aliyefuatilia dawa ya haidroksiyurea, na ndiye aliyejaza chupa ya maji kila asubuhi kabla binti hajaondoka kwenda shule. Baada ya mazishi, binti aliyabeba mambo hayo mwenyewe pasipo kuagizwa. Alipika, akasimamia masomo ya mdogo wake, na usiku akaketi na mama yake kupanga matumizi. Ndugu walimsifu wakisema, "Huyu ndiye mkono wa kulia wa mama yake."

Wiki ya tatu baada ya kufika Dodoma, dawa ziliisha. Binti alikuwa amemwona mama yake akihesabu fedha za kodi ya nyumba na za sare mpya za shule, akanyamaza. Shuleni kulikuwa na jambo jingine. Figo za mwenye selimundu hushindwa kubakiza maji ya kutosha mwilini, hivyo mgonjwa hukojoa mara kwa mara na hulazimika kunywa maji mengi. Katika shule ya zamani walimu walilifahamu hilo. Katika shule mpya hakuna aliyelijua, na wenzake walianza kumcheka kila alipoomba ruhusa ya kutoka. Akapata ufumbuzi wake mwenyewe: akaacha kunywa maji.

Julai ilipofika, baridi ya asubuhi na upepo mkavu wa Dodoma vilimkuta akiwa na sweta moja jepesi alilokuja nalo kutoka pwani. Usiku mmoja maumivu makali ya miguu na mgongo yalimwamsha. Aliuma shuka hadi alfajiri ili mama yake asisikie. Kulipopambazuka alikuwa na homa, na jirani ambaye mama alikuwa hajajua hata jina lake ndiye aliyewapeleka hospitali.

Binti alipotibiwa na maumivu kupungua, muuguzi alimwomba mama awapishe kidogo. Kisha akauliza, "Mwanangu, nyumbani nani alijua kwamba dawa zimekwisha?"

Binti akajibu, "Hakuna. Mama ana mzigo wake. Sikutaka kumwongezea."

Kwa nini kijana huficha

Methali husema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ina ukweli, lakini humwelekea mgonjwa peke yake. Binti huyu hakuficha kwa ukaidi wala kwa kutojua. Alificha kwa upendo, na kwa sababu nafasi aliyokuwa amepewa nyumbani haikumruhusu kuugua.

Kazi za nyumbani si madhara kwa kijana; humjenga na kumpa heshima. Madhara huanza pale mtoto anapogeuzwa kuwa msiri wa madeni, mfariji wa huzuni za mzazi na mwamuzi wa matumizi. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kupima kila haja yake dhidi ya haja za mama au baba yake, na yake huiona ndogo. Mara nyingi mzazi hajui kinachoendelea, kwa maana mtoto anayeficha vizuri huonekana kuwa mtoto asiye na tatizo.

Uzito wa kuhama

Mwaka 1967, Thomas Holmes na Richard Rahe wa Marekani walichapisha kipimo cha matukio 43 ya maisha, kila tukio likipewa alama kulingana na juhudi anayohitaji mtu ili kulizoea. Kifo cha mwenzi wa ndoa kilipewa alama 100, talaka 73, kubadili makazi 20 na kubadili shule 20. Kipimo hicho kilikusudiwa watu wazima, wala hakimtabirii mtu yeyote kwamba ataugua. Hata hivyo kinafundisha kwamba matukio hujumlishwa. Kuhama peke yake ni jambo la wastani, lakini kwa mzazi anayelea peke yake ni nadra kuhama kuje peke yake. Hutanguliwa na msiba, talaka, kupoteza kazi au uhamisho wa ghafla.

Kwa mvulana wa miaka 13 katika mfano huu, nyumba ya Dar es Salaam ilikuwa ndiyo nyumba ya baba. Kuihama kulikuwa kama kumzika mara ya pili. Alikesha kwenye simu akiongea na marafiki wa zamani, akasinzia darasani, na nyumbani akajibu kwa mkato. Mama alidhani ni kiburi cha umri. Kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Anapoukosa, hasira na kushuka kwa masomo hufuata. Kumnyang'anya simu kungeondoa dalili na kuacha huzuni mahali pake.

Mazingira mapya nayo huleta mambo yake. Baridi na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa visababishi vya maumivu ya selimundu. Vumbi la nchi kavu laweza kuamsha pumu. Anayehamia sehemu za Kanda ya Ziwa zenye malaria nyingi hana budi kuzingatia zaidi chandarua chenye dawa.

Kabla ya kuhama

Kwanza, kijana aambiwe mapema, na aambiwe sababu ya kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtambua mtoto kuwa mwenye haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Kumsikiliza hakumaanishi kwamba yeye ndiye ataamua kama familia ihame. Kunampa nafasi katika maamuzi yaliyo saizi yake: kitu cha baba atakachokibeba, siku ya kuwaaga rafiki zake, chumba atakacholala.

Pili, matunzo yakabidhiwe kwa maandishi. Kijana mwenye selimundu, pumu, kifafa, kisukari au anayeishi na virusi vya UKIMWI aondoke na barua ya uhamisho yenye jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, majibu ya karibuni ya maabara, mzio alio nao, historia ya kuongezewa damu, chanjo alizopata na tarehe ya miadi ijayo. Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi, uhamisho ufanywe rasmi kati ya kliniki ya tiba na matunzo anayoiacha na ile anayoiendea. Dawa za kubeba zitoshe hadi baada ya miadi ya kwanza katika kituo kipya. Mwenye bima athibitishe mapema ni vituo gani vya huko vinavyoipokea.

Tatu, mzazi aketi na kijana waorodheshe mambo ambayo aliyeondoka au aliyefariki alikuwa akiyafanya. Katika mfano huu, orodha hiyo ingeonyesha chupa ya maji.

Nne, kalenda ya shule izingatiwe, hususan kwa madarasa ya mitihani ya taifa. Panapowezekana, kuhama kufanyike wakati wa likizo. Ikiwa mzazi mwingine yu hai, mawasiliano na ziara zipangwe kabla ya safari, na panapokuwa na mvutano ofisi ya ustawi wa jamii ishirikishwe. Kwa binti wa miaka 9 hadi 14, ithibitishwe kama amepata chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa nchini Tanzania kwa dozi moja.

Baada ya kufika

Mzazi anashauriwa kwenda na kijana katika kituo kipya cha afya ndani ya wiki mbili za kwanza, hata kama kijana hana maumivu. Kliniki inayojulikana mapema hufikiwa kwa urahisi usiku wa dharura. Dodoma ina hospitali za ngazi ya juu, zikiwemo Hospitali ya Benjamin Mkapa na, kwa magonjwa ya akili, Hospitali ya Mirembe. Lakini safari ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.

Mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi waelezwe yale ambayo kijana ameridhia yaelezwe. Familia itafute pia mtu mzima wa pili: jirani, ndugu, au muumini mwenzao, ambaye namba yake ya simu kila mtoto anayo. Mzazi anayelea peke yake asione haya kuomba msaada huo.

Afya ya mzazi nayo ni sehemu ya matunzo. Asiyelala, asiyekula na asiye na wa kuzungumza naye hatimaye huzungumza na mtoto. Ni heri huzuni hiyo ipelekwe kwa mtu mzima mwenziwe, kiongozi wa dini anayemwamini au mtaalamu wa ushauri nasaha.

Wajibu wa mtoa huduma

Kila kijana mgeni kituoni aulizwe swali fupi: "Mmehamia hapa lini, na mmehama na nani?" Jibu lake laweza kueleza dawa zilizokatika kuliko kipimo chochote cha maabara.

Sehemu ya mazungumzo ifanyike bila mzazi kuwepo. Kijana aelezwe kwamba siri zake zitatunzwa, na aelezwe pia mpaka wake: hatari kwa maisha yake haitafichwa. Utaratibu wa maswali ujulikanao kama HEADSS husaidia, kwa kuwa huanzia mambo mepesi ya nyumbani, shule na shughuli, kisha ndipo ufikie vilevi, mahusiano na mawazo ya kujiua. Kumuuliza kijana kama amewahi kufikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu ya kulisema.

Kijana aliyekosa kliniki asikaripiwe. Karipio humthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuficha.

Dalili za kutosubiri

Kwa mwenye selimundu: homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kupauka kwa ghafla, kichwa kuuma sana, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Hayo yote ni ya kwenda hospitali mara moja. Haidroksiyurea isikatizwe bila ushauri wa daktari.

Kwa kijana yeyote: huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, kujitenga kabisa, kutoroka shule, kuanza vilevi au kujiumiza humpasa kuonwa na mtaalamu. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake; apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Nchini Tanzania, mtoto anaweza pia kupiga bila malipo namba 116.

Hitimisho

Katika mfano wa somo hili, kabla ya binti kuruhusiwa kutoka hospitali, muuguzi aliketi na wote watatu. Ilikubaliwa kwamba mama na binti wahesabu dawa pamoja kila Jumapili, na kwamba hesabu za kodi zitabaki kwa mama na dada yake kwa njia ya simu. Mwalimu wa darasa alimpa binti ruhusa ya kutoka bila kuomba. Kuhusu chupa ya maji, mama alikuwa bado anafikiri ampe nani kazi hiyo, mvulana aliposema ataijaza yeye, kwa sababu alikuwa akimwona baba akifanya hivyo kila asubuhi.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo yasiyopaswa kukosekana katika barua ya uhamisho ya kijana mwenye ugonjwa wa kudumu.
2. Eleza tofauti kati ya kijana anayesaidia nyumbani na kijana aliyebebeshwa mzigo wa mzazi.
3. Kwa nini binti katika mfano aliacha kunywa maji, na ni nani angeweza kulizuia hilo?
4. Mtoa huduma afanye nini anapogundua kuwa kijana amekatiza dawa baada ya kuhama?