MTELEMKO, MTO NA UFUKO

Litumbandyosi imo katika Wilaya ya Mbinga, nchi ya milima na mabonde. Mvua inyeshapo huko maji hayatulii. Hukimbilia bondeni, tena huchukua udongo njiani. Kwa hiyo mtu atakaye kulima au kujenga hana budi kuitazama nchi kwanza.

Kwanza atazame mtelemko. Udongo ulioshiba maji huwa mzito, ukateleza. Dalili zake ni hizi: ufa katika ardhi, miti iliyoinama, na chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulibomoka. Matope, mawe na miti vilishuka mpaka mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walikufa.

Wamatengo walijifunza zamani kulima milimani kwa ngoro. Hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, hata shamba hugawanyika miraba midogo. Kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani. Hivyo huwa mashimo yenye kingo. Maharagwe na mahindi hupandwa juu ya kingo. Majani huoza yakawa mbolea. Maji ya mvua hutulia shimoni, na udongo uliochukuliwa hunaswa humo. Walakini ngoro huhifadhi udongo wa juu tu. Haiwezi kuushika mlima uliokwisha kupasuka. Hapo dawa ni kuhama.

Pili atazame mto. Takataka zilizokwama matawini huonyesha kimo cha gharika iliyopita. Mto ukigeuka matope ghafula, ijapokuwa jua lawaka, yamkini mvua imenyesha milimani. Asivuke.

Tatu atazame ufuko. Mito mingi, Ruhuhu mmojawapo, huingia Ziwa Nyasa, bali mto utokao ni mmoja tu, Shire. Mvua zikizidi miaka mfululizo, ziwa hupanda. Mchanga mkavu wa leo waweza kuwa chini ya maji kesho kutwa.

Basi kabla ya kuchimba msingi, yafaa kuwauliza wazee: “Maji yalifika wapi?” Jibu lao halina gharama, nyumba iliyochukuliwa na maji ina gharama kubwa.

MASWALI
1. Taja dalili tatu za mtelemko utakaobomoka.
2. Ngoro huzuia nini, na haiwezi kuzuia nini?
3. Kwa nini Ziwa Nyasa hupanda?