Kitanzi Kilicholegea na Kilichoponyoka

Msichana afumapo sweta la kwanza la mdogo wake, vitanzi havilingani. Je, tumcheke? Hasha! Aliyechekwa huziweka sindano asizishike tena. Katika Mithali, sura ya 31, mke mwema anasifiwa kwa kusokota. Wala hatusomi kwamba uzi wake haukuwa na kasoro.

Lakini tupambanue. Kitanzi kilicholegea hakidhuru. Sweta likifuliwa, mara nyingi hulingana na vingine. Kilichoponyoka sindanoni hufumuka safu baada ya safu. Hicho kirudishwe mara moja, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndivyo yalivyo malezi. Enyi wazazi, udhaifu wa mtoto tuuvumilie, uovu tuurekebishe mapema, na jitihada yake tusiivunje kwa dhihaka.