Mafunzo Niliyopata Nikiunda Itifaki ya Game Boy

Game Boy ya Nintendo ilitoka 1989 ikiwa na RAM ya kilobaiti 8. Ninapoiandikia programu, sitaki kuandika katriji upya kila nikibadilisha mstari mmoja. Nataka kompyuta iipeleke programu moja kwa moja kwenye RAM, kupitia tundu lilelile ambalo wachezaji wawili huunganishia waya. Kwa hiyo nikaunda itifaki yangu, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Piga hesabu ya waya kwanza. Kwa saa yake ya ndani, Game Boy hupitisha biti 8,192 kwa sekunde, sawa na baiti 1,024. Kwa mwendo huo, RAM yote hujaa kwa sekunde nane. Basi hakuna haja ya kubana data.

2. Saa ishikwe na kompyuta. Katika waya huu upande mmoja hutoa mapigo ya saa, mwingine hufuata. Game Boy ikifuata, itasubiri bila kikomo mpaka pigo lije, na hilo ni jema: kompyuta ndiyo yenye nafasi ya kufikiri. Lakini kati ya baiti na baiti kompyuta itulie kidogo, ili Game Boy ihifadhi iliyopokea na kujiandaa upya. Ikiharakishwa, biti hupotea wala hakuna anayeambiwa.

3. Jibu huchelewa kwa hatua moja. Hili ndilo linalohitaji kuchorwa kwenye karatasi. Biti moja ikiingia, nyingine inatoka papo hapo, kwa hiyo pande mbili hubadilishana baiti kwa wakati mmoja. Kompyuta ikituma swali, baiti inayorudi iliwekwa kabla swali halijafika. Jibu lenyewe huja kwenye mabadilishano yanayofuata. Kwa sababu hiyo, kila swali langu hufuatwa na baiti tupu, ambayo kazi yake ni kulivuta jibu tu.

4. Usiipe FF maana ya "sawa". Waya ukiwa haujaunganishwa, upande wenye saa husoma FF mfululizo, yaani biti zote nane zikiwa 1. Kwangu jibu la kukubali ni namba nyingine kabisa.

5. Kila fungu libebe anwani yake. Natuma mafungu ya baiti 128, na mwanzoni mwa kila moja naandika mahali litakapokaa kwenye RAM. Uthibitisho ukipotea njiani, kompyuta hulituma tena, nalo huangukia palepale bila kuharibu kitu. Naupenda mpango huu kuliko kuhesabu mafungu, kwa sababu Game Boy haihitaji kukumbuka chochote.

6. Jumla peke yake haitoshi. Ukijumlisha baiti tu ili kukagua kama fungu limefika salama, mbili zilizobadilishana nafasi hazionekani. Njia ya Fletcher hutumia jumla mbili, ya pili ikijumlisha matokeo ya ile ya kwanza, hivyo baiti mbili jirani zikipishana hugundulika. Inahitaji kujumlisha tu, na kichakataji cha Game Boy hakina amri ya kuzidisha.

Kabla hujaunganisha chochote, pima volti. Game Boy ya 1989 hutumia volti 5 kwenye waya huo, ilhali Raspberry Pi Pico, ubao mdogo unaoweza kuunganisha kompyuta na waya huo, hutumia 3.3. Weka kibadilisha volti katikati, kisha ndipo uwashe.