Deni Ndani ya Gunia la Pamba

Pamba ni zao kubwa la biashara katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Hupandwa kuanzia katikati ya Novemba, na msimu wa ununuzi hufunguliwa yapata mwezi Mei. Kati ya nyakati hizo mkulima huhitaji mbegu na dawa za kuua wadudu, hasa funza wa vitumba, hali mkononi hana fedha. Hapo mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba humkopesha pembejeo, kwa ahadi kwamba pamba itauzwa kwake na deni litakatwa katika malipo.

Aghalabu ahadi hiyo huvunjwa: pamba huuzwa kwa mnunuzi mwingine na deni hubaki. Lawama hutupwa juu ya tabia ya mkulima, lakini hesabu ndogo huonyesha kiini kingine.

Chukua mfano wa mkulima mwenye kilo 500 na deni la shilingi 60,000. Mkopeshaji hununua kilo moja kwa shilingi 1,000. Thamani ya pamba ni shilingi 500,000. Deni likitolewa, mkulima hubaki na 440,000. Mnunuzi wa pili, ambaye hakukopesha kitu, hutoa shilingi 900 tu kwa kilo, na mkulima hupokea 450,000. Bei ndogo imeishinda bei kubwa! Ili alingane na mwenzake, mkopeshaji angepaswa kulipa shilingi 1,020. Tofauti hiyo ya shilingi 120 ndiyo deni lenyewe likigawanywa kwa kilo 500.

Tatizo hili si la pamba peke yake. Katika biashara ya majina ya intaneti, kama yale yanayoishia kwa .com, mteja huweza kumhama msajili wake kabla ya kulipa. Kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina hayo duniani, humruhusu msajili kukataa uhamisho kwa deni la kipindi kinachoendelea, mradi awe amekwisha kulisimamisha jina hilo. Hawezi kukataa kwa ajili ya malipo ya kipindi kijacho. Gunia la pamba halina kufuli ya namna hiyo. Likishapandishwa juu ya baiskeli au mkokoteni, huenda popote.

Kabla ya mageuzi ya mwaka 1994, pamba ilipita katika mlango mmoja wa ushirika au mamlaka ya umma, na deni halikuwa na pa kukimbilia. Wanunuzi binafsi walipoingia, milango ikawa mingi. Baadaye ulibuniwa utaratibu wa makato kwa kila kilo, awaye yote mnunuzi, ili kugharimia pembejeo. Hivyo deni lilifuata pamba badala ya kumfuata mtu. Mwaka 2018 ununuzi ulielekezwa kupitia vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS.

Hata hivyo, mlango mmoja una hatari yake. Mizani ikipunjwa au malipo yakichelewa, mkulima hana mahali pengine pa kwenda, naye atatafuta njia ya usiku. Kwa hiyo mambo matatu huenda pamoja: deni lililoandikwa wazi, mizani ya haki na malipo ya papo hapo. Yakikosekana, mkopeshaji hufunga mkoba, na msimu unaofuata hata jirani aliyelipa deni lake hukosa dawa, funza wakila vitumba vyake.