SELIMUNDU NA URITHI WAKE

Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, ni nchi ya miombo na malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kuwa chembeurithi moja ya selimundu humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu imedumu vizazi kwa vizazi. Mwenye moja tu huitwa mchukuzi, naye huwa mzima.

Mwenye mbili, moja ya baba na moja ya mama, huugua. Himoglobini yake ikipungukiwa oksijeni hushikamana. Seli nyekundu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuvunjika upesi. Hapo hutokea maumivu ya mifupa, upungufu wa damu na macho ya manjano. Malaria nayo humdhuru zaidi.

Wazazi wote wawili wakiwa wachukuzi, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Hesabu huanza upya kila mara: watoto watatu wazima hawamkingi wa nne. Basi huu si uchawi wala kosa la mama; ni urithi wa pande mbili, na kipimo cha damu huutambua mapema.